Tarishi Asiyesoma Mafaili

Karakana ya ushonaji, chumba cha nyuma
4 Machi

Kwako Binamu Masijala,

Mimi mzima, kama uzima ni kuamka, kuvaa suruali bila kukosea mguu na kuikuta kazi pale pale nilipoiacha jana. Wewe sikuulizi. Mwanamke mstaafu anayelala mpaka saa mbili asubuhi akilalamika mgongo, basi huo mgongo ndio uliomchoka yeye.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu ambaye hata salamu za msiba hutuma kwa simu. Ukweli ni kwamba nimeanza kuiogopa simu yangu. Usicheke sasa hivi. Cheka ukifika chini.

Kuna rafiki yangu mmoja hapa kazini, humjui, mtu mwema kiasi. Mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka. Si sana, ni kama wa mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Kwa kazi nyingine si neno, lakini kazi yake huyu rafiki inataka mkono uliotulia. Akaniomba nimtafutie habari mtandaoni. Basi Jumapili, mke wangu akiwa kwa dada yake, nikakaa sebuleni na simu, nikaandika: mkono unatetemeka nikishika kitu, sababu ni nini. Nikasoma mpaka nikajikuta nina magonjwa tisa, mawili kati yake ya wajawazito.

Jana akaja wakili mmoja, mama wa heshima zake, kupimwa joho. Mkurugenzi (ndivyo tunavyomwita mwenye karakana, tulianza kwa utani, yeye akalipokea jina bila kuuliza) akamgeuzia ile skrini kubwa ya mapokezi amwonyeshe mitindo ya kola. Pembeni mwa skrini, pale ambapo siku zote hutangazwa viatu, kukatokea kikombe chenye masikio mawili. Chini yake maandishi: Mikono inatetemeka? Chai isimwagike tena. Mkurugenzi akakifunga. Akafungua ukurasa mwingine, kikombe kikamfuata, safari hii kimekuja na kijiko.

"Nani humu ndani anatafuta vikombe vya wazee?" akauliza.

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka Mama Vifungo akainua uso akaniangalia.

Huyo Mama Vifungo ndiye anayepima wateja na kuviingiza vipimo kwenye kompyuta, na akimaliza hushona vifungo. Wiki iliyopita chaki ilinidondoka mara mbili akaniambia, "Fundi, leo chaki inakukimbia." Sasa nimeshaunganisha. Ni yeye aliyeandika mambo ya mikono kwenye ile kompyuta ili kumdhalilisha rafiki yangu. Nani mwingine? Simu yangu ilikuwa nyumbani, kompyuta iko kazini. Havijawahi hata kulala chumba kimoja.

Kesho nitamwambia ukweli wake.

Ni mimi binamu yako,
Mkataji


Nyumbani, meza ya dirishani
9 Machi

Kwako Mkataji, mtoto wa shangazi yangu, ambaye tangu utotoni hakuwahi kuwa na rafiki mwenye shida isiyokuwa yake,

Umeandika "nikishika". Umeandika "nina magonjwa tisa". Mpe pole rafiki yako. Mwambie pia kwamba daktari ni yule mwenye mlango unaofungwa, na kwamba mtandao hauna mlango wa namna hiyo. Kwa leo sisemi zaidi juu ya mkono.

Mama Vifungo hana kosa. Usimwambie neno lolote.

Nijibu hili: wewe vipimo vya wateja unavisomea wapi? Kwenye simu yako, sivyo? Na ili uvione, siku ile ya kwanza Mkurugenzi wako alikuingizia akaunti ya karakana kwenye simu, ukamshukuru. Sasa nisikilize. Ile programu unayoifungua ukitaka kuingia mtandaoni inaitwa kivinjari. Wewe unadhani ndiyo mtandao wenyewe, kama mtu anayedhani dirisha ndiyo barabara. Kivinjari ni cha kuchagua. Vipo vingi, na tabia zao hazifanani.

Unajua nilikaa masijala miaka thelathini na moja. Faili la siri lilifungwa kwa utepe, tarishi akasaini kitabu, akalipeleka, likapokelewa, akarudi akiwa amelisahau. Tarishi aliyefungua faili njiani tulimtafutia kazi ya bustani. Basi kivinjari ni tarishi. Hicho chako kinasoma kila unachokituma, kinaandika nakala, na kwa kuwa umekivalisha sare ya karakana, nakala kinazipeleka karakana. Wewe uliandika sebuleni, kompyuta ya mapokezi ikaletewa kumbukumbu, wenye matangazo wakaleta kikombe. Hakuna aliyekuchongea. Umejichongea kwa kidole gumba.

Mimi mgongo tu. Msalimie mke wako, nadhani naye hajui habari za rafiki yako.

Binamu yako,
Masijala (nimestaafu kazi, si akili)


Karakana
13 Machi

Kwako Binamu,

Barua yako ni nzuri sana na imechelewa wiki moja.

Nilishamwambia. Tarehe tano, asubuhi, mbele ya wote, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilisema, "Kama una neno nami liseme kwa kinywa, usiliandike kwenye kompyuta ya watu."

Mama Vifungo akaiacha sindano imesimama ndani ya kitambaa. "Fundi," akasema, "mimi kompyuta ile naijua kwa vipimo tu. Chaki yako nimeiokota mara kumi na nne tangu mvua zianze. Ulinisikia nikihesabu?"

Tangu siku hiyo ananisalimia kwa heshima kamili, kama mgeni aliyekuja kukagua jengo. Ningependa anitukane.

Basi, mkono ni wangu. Nimeandika, nimesoma nilichoandika, na bado niko hai. Ni wa kulia, wa mkasi. Ukiwa umelala juu ya meza umetulia kama wa mtoto. Nikiufungua mkasi, unaanza. Nimekuwa nikija saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikate peke yangu, kwa sababu mkono uliotoka usingizini hutulia kidogo, na kwa sababu hakuna wa kuniona nikikibana kiwiko ubavuni. Juzi nilitoka nje ya chaki kwa upana wa nyuzi tatu kwenye bega la joho. Nililifidia kwenye mshono. Hakuna aliyeona. Sijamwambia mke wangu, umekisia sawa, una roho mbaya.

Sasa sikia lililozuka. Mkurugenzi anasema kile kikombe kimempa wazo. Ameita mkutano, akasimama mbele ya pasi kama waziri. Kuanzia mwezi ujao simu zote za wafanyakazi zitatumia kivinjari kimoja, kilichoingia kwa akaunti ya karakana, kazini na nyumbani, bila kukitoa. "Ili nijue mapema nani ana changamoto gani, nimsaidie," alisema. "Sisi ni familia. Familia haifichani."

Nikamwambia, "Mkurugenzi, lakini hata nyumbani tunaoga mmoja mmoja."

Walicheka wote isipokuwa wawili, yeye na Mama Vifungo. Kuna fomu. Kusaini ni tarehe 31.

Binamu, mimi mambo haya siyajui. Nilipewa simu na mwanangu, nikaitumia kama ilivyokuja, kama nyumba ya kupanga. Nimegundua sehemu inaitwa dirisha la siri, linakuwa jeusi. Je, nikitafuta mambo yangu humo si yataisha? Na kama hayaishi, nichagulie tarishi. Umewachagua wengi. Nataka mmoja tu asiyesoma mafaili, kabla sijamtafuta daktari.

Mkataji


Meza ya dirishani
17 Machi

Kwako Mkataji,

Dirisha la siri linasahau ndani ya simu yako tu. Ukilifunga, mke wako hataona ulichosoma. Kampuni inayokupa mtandao inaona kama kawaida, tovuti uliyoitembelea inaona, na ukiingia kwa akaunti humo humo, mwenye akaunti anaona. Ni kupita sokoni umefumba macho ukidhani huonekani.

Ombi lako la tarishi nimelipokea na nimelifungulia faili. Nimeita watatu kwenye usaili, siku mbili nzima, nimevaa na miwani. Kila mmoja nilimuuliza maswali yale yale niliyokuwa nikiwauliza vijana wa masijala: mshahara wako analipa nani, ukirudi nyumbani unakumbuka nini, na mtu akikusimamisha njiani akuulize umebeba nini, unamjibuje.

Wa kwanza ndiye huyo uliye naye, aliyekuja na simu. Mwepesi, msafi, anajua kila mtaa. Mshahara wake unalipwa na wenye matangazo. Nilimwambia ahsante kabla hajakaa.

Wa pili alinifurahisha kwa dakika tano. Kila ukurasa ana picha ya kufuli, kila sentensi neno siri. Kisha kabla sijasoma chochote akataka barua pepe yangu, namba yangu ya simu, na ruhusa ya kujua nimesimama wapi. Nilikuwa jikoni. Jikoni kwangu kunamhusu nini mtu aliyekula kiapo cha siri?

Wa tatu anatengenezwa na chama kinachoishi kwa michango ya wanaokitumia. Hakuniuliza jina. Nikafungua gazeti, ukurasa mmoja tu wa habari za mvua, akaniambia amezuia wafuatiliaji ishirini na watatu. Ishirini na watatu, kwa ajili ya mvua. Unajua kila tovuti unayoingia hukubandika kijikaratasi mgongoni ili ikutambue ukirudi, na wengine wakusome popote uendapo? Wanaviita vidakuzi. Huyu anavibandua mlangoni, na ukimfunga anasahau ulikotoka. Ana kasoro zake, nitazisema kama nilivyokuwa nikizisema kwa mkuu wa idara: ni mzito kidogo, na ukurasa wa pensheni ulikataa kufunguka mpaka nikalegeza ulinzi kwa ukurasa huo mmoja. Na hakufichi kwa kila mtu, hakuna afichaye kwa kila mtu. Lakini hanong'oni. Nimempa kazi. Nimekuandikia jina lake kwenye kipande cha karatasi humu ndani, pamoja na namna ya kumpakua.

Ukishamweka, USIINGIE KWA AKAUNTI YA KARAKANA. Nimepiga mstari, na ningekuwa karibu ningekupiga na wewe. Iondoe kabisa kwenye simu. Vipimo waandike kwenye karatasi, kama mlivyofanya kabla Mkurugenzi hajagundua skrini.

Sasa la mkono. Unamkumbuka baba yangu, mjomba wako, alivyokuwa akipokea kikombe kwa mikono miwili? Mama yako alikuwa akiwaambia ninyi watoto, tazameni adabu ya mjomba wenu. Haikuwa adabu. Na mimi tangu mwaka juzi sibebi sinia la chai wageni wakija. Nawaambia mgongo. Mgongo wangu uko sawa kabisa, ungeweza kuupakia gunia.

Daktari aliniambia ni mtetemo wa ukoo. Hauui, unaudhi. Kuna dawa zinazousaidia, si kwa kila mtu. Wewe wako sijui ni huo au mwingine, ndiyo maana nenda ukapimwe, usipimwe na simu.

Sikukwambia miaka miwili yote kwa sababu lilikuwa langu kusema. Leo nimelisema, kwa siku niliyoichagua, kwa mtu niliyemchagua. Umeona tofauti yake na kikombe kwenye skrini?

Masijala


Karakana
24 Machi

Binamu,

Kaa chini kwanza. Ukishakaa, mtoe karibu yako mtu yeyote asiyezoea matusi.

Nilimpakua tarishi wako Ijumaa jioni. Nilifuata karatasi yako mstari kwa mstari, nikajiona nimesoma. Nikasema sasa nitafute daktari wa neva. Nikafungua, ukurasa wa kutafutia ukaniuliza: wewe ni nani, ingia hapa. Kwa adabu kabisa. Nami mtu akiniuliza jina huwa namjibu.

Niliingia kwa akaunti ya karakana.

Barua yako ilikuwa pale mezani, na mstari wako, na herufi kubwa. Lakini ndiyo akaunti pekee ninayoijua bila kufikiri. Neno lake la siri ni vipimo vya mteja wa kwanza wa karakana, kifua 104, kiuno 91, nyonga 109. Mimi ndiye niliyemkatia, nitakufa navijua. Vidole viliandika vyenyewe. Kwa hiyo tarishi wako hakusema neno, na mimi niliyemtuma nikaenda kusimama nje nikitangaza.

Nilitafuta kwa siku tatu nikiwa na amani moyoni. Nilitafuta dawa za mtetemo wa ukoo. Daktari wa neva aliye karibu. Mkataji nguo anaweza kufukuzwa kazi kwa ajili ya mkono. Nilitafuta pia namna ya kumwomba msamaha mwanamke uliyemkosea kazini. Yote yakaenda kukaa kwenye akaunti.

Jana Mkurugenzi akaniita chumba cha pasi, akafunga mlango. "Fundi, kaa."

"Nimesimama humu miaka kumi na tisa," nikamwambia, "niache nimalizie."

Hakukasirika. Heri angekasirika. Alisema amesoma, anasikitika, na ameyafungia hapa, akajigonga kifuani kwa vidole viwili. Alisema kuanzia tarehe mosi nitahamia mapokezi, kazi ya kuketi, kukaribisha wageni. Kisha akasema, "Wenzako wanakutazama wewe. Ukisaini fomu, watasaini. Nami la mkono wako halitatoka kinywani mwangu."

"Na nisiposaini?"

"Watajiuliza kwa nini. Mimi siwezi kuwazuia watu kujiuliza."

Akanipigapiga begani. Alikuwa na huruma ya kweli, Binamu, hilo ndilo lililonitisha. Nilirudi kwenye meza yangu nikakata mfuko mmoja kwa dakika ishirini.

Nakwambia wewe tu: nataka kusaini. Ni wino kidogo. Halafu nitakaa mapokezi, mkono uko chini ya meza, hakuna atakayejua, na jioni nitakwenda nyumbani. Niambie kama kuna ubaya ambao siuoni.

Mkataji


27 Machi, kwa mkono wa jirani yangu anayepita huko

Mkataji,

Soma umesimama.

Una mambo mawili, naye ameyashona pamoja. Wewe ni fundi, fumua. Mkono ni jambo la kazi: kitambaa ni chake, ana haki ya kujua kama kitakatwa sawa, na wewe una haki ya kuambiwa nini unaweza kukata na nini huwezi. Simu si jambo la kazi. Huko ndiko unakomtafuta daktari, unakosoma ukikosa usingizi, unakouliza maswali ya kijinga usiyotaka mtu ajue ulikuwa hujui. Akikusainisha hapo, hatakuwa na mkono wako tu. Atakuwa na kila utakachowaza mpaka ustaafu.

Anakuuzia kimya, na kimya hicho ni mali yako aliyoiokota. Mnyang'anye. Sema la mkono mwenyewe, kabla yake, kwa kinywa chako. Anza na mke wako, halafu yule mama wa vifungo. Kisha usisaini.

Atakwambia, sasa huna cha kuficha, saini basi. Jibu la hapo sikuandikii. Ukilikosa, wewe si mtoto wa shangazi yangu.

Toka kwenye ile akaunti. Umeshatoka? Toka.

Masijala


TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE
28 Machi

Mnakumbushwa kuwa Jumanne tarehe 31, saa nane mchana, kila mfanyakazi atasaini Fomu ya Uwazi mbele ya Uongozi. Simu ziwe na chaji. Uongozi unasisitiza kuwa zoezi hili ni la hiari, na ambaye hatashiriki ataeleza sababu zake mbele ya wenzake.

Mfanyakazi mwema hana cha kuficha.

Uongozi


Karakana, meza ya kukatia
2 Aprili

Kwako Binamu Masijala,

Nilitoka kwenye akaunti siku ile ile, nikiwa nimesimama kama ulivyoamuru. Nikaifuta simuni. Kisha nikamwambia mke wangu. Akanijibu kwamba tangu mwezi wa kumi na mbili amekuwa akinijazia kikombe nusu, na alikuwa anasubiri nimuulize kwa nini. Inaonekana katika nchi nzima mtu pekee niliyemficha ni mimi.

Jumatatu nikamfuata Mama Vifungo jikoni anakooshea vikombe, nikamwambia nisamehe, nilikosea. Hakugeuka.

"Ulinitukana ukumbini," akasema, "msamaha unauleta jikoni?"

"Nikiuleta ukumbini itabidi niseme na sababu."

"Basi utajua mwenyewe thamani yake." Akanipa kikombe nikifute. Nilikifuta. Mkono ulikuwa unafanya vituko vyake, naye aliutazama waziwazi, kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo Jumanne, saa nane. Tulikuwa saba, na Mkurugenzi, na fomu moja ndefu yenye majina yetu yamepangwa, langu juu kabisa. Alikuwa amenunua kalamu mpya. Akasema tuanze na mzee wetu wa kazi. Mzee wetu, Binamu, mtu wa miaka hamsini na mbili.

Nikasimama. Nikasema kabla ya kalamu nina deni la maneno. Nikamgeukia Mama Vifungo. "Tarehe tano nilikuvunjia heshima mbele ya hawa. Nilisema umeandika mambo ya mikono kwenye kompyuta. Niliyaandika mimi, kwenye simu yangu, nyumbani kwangu, kwa sababu mkono unaotetemeka ni wangu." Nikauinua. Haukuniangusha, ulitetemeka vizuri kabisa. "Wewe ulijua ukaninyamazia. Mimi sikujua nikakupigia kelele. Nisamehe."

Nilidhani paa litashuka. Kijana wa pasi akasema, "Fundi, sisi tulidhani ni kahawa."

Mama Vifungo akasema, "Nimesikia," akarudi kwenye kifungo chake. Kwake huo ni wimbo wa kwaya nzima.

Nikamgeukia Mkurugenzi. Nikamwambia hariri aitafutie mtu mwingine, kwa kuwa hariri haisamehi na mimi sitaki kumharibia mteja. Sufu na pamba nitaendelea kukata, nitapima kila kipande mara mbili, na siku nitakaposhindwa atalisikia kwangu. Kwa daktari naenda tarehe tisa, na mapokezi siendi, mimi sijui kuchekea wageni.

Alikuwa amekunja uso, kisha akaukunjua. Nikaona jambo linamjia. Akasema, taratibu, kwa ile sauti ya chumba cha pasi, "Vizuri sana, Fundi. Umefanya kiungwana. Sasa yote yako wazi, huna cha kuficha tena. Njoo usaini."

Jibu ulikataa kuniandikia, mwanamke mchoyo wewe. Nikalitafuta mwenyewe.

"Mkurugenzi," nikasema, "wiki iliyopita nilikuwa na cha kuficha, nikaogopa kukukatalia. Leo sina. Ndiyo maana leo naweza kukataa."

"Unakataa nini hasa? Nimeshayajua yote."

"Umeyajua kwa sababu nilikosea mlango. Kukosea mlango mara moja siyo kukupa funguo." Nikaona wenzangu wameacha kuzichezea simu zao. "Humu ndani hakuna anayeshika mkasi wa mwenzake. Hata wewe mwenye jengo hujawahi kuugusa wangu, unaomba. Tangu lini mkasi ukawa na heshima kuliko kichwa changu?"

Akasema ni hiari, hakuna anayelazimishwa, ila sababu ziandikwe. Akanisogezea fomu, na ile kalamu mpya. Nadhani alitegemea mkono wangu ungeniaibisha, nikae.

Niliishika fomu kwa mkono wa kushoto ili isikimbie. Kwa wa kulia nikaandika, mbele ya jina langu, pale palipoandikwa saini: SIKUBALI. Herufi nane. Ilichukua muda mrefu kuliko kukata joho. Herufi ya K ilitoka kama imepigwa na upepo, na B ilinishinda mara moja nikairudia. Nilipomaliza, Mkurugenzi aliigeuza karatasi upande wake, akaitazama, akasema haisomeki.

"Inasomeka," akasema Mama Vifungo. Alikuwa amesimama nyuma yangu, sikumsikia akija. "Niletee hiyo kalamu."

Sitakudanganya kwamba wote saba walifanya hivyo. Wawili walisaini, wana sababu zao na siwachukii. Watatu wamesema watafikiri. Kijana wa pasi amekuja jana kuniuliza jina la tarishi wako. Nimemwandikia kwenye karatasi, na chini nikamwandikia kwa herufi kubwa asiingie kwa akaunti ya karakana. Alisema, "Mzee, hilo nani asilijue?"

Mimi bado nakata. Kuna majoho thelathini ya watu wanaohitimu mwezi huu, na Mkurugenzi hana mkataji mwingine mfukoni. Ananisalimia kwa mbali. Leo asubuhi nimekuta vipimo mezani kwangu vimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi, kwa mwandiko wa Mama Vifungo, na kipande kipya cha chaki juu yake.

Nasikia Mkurugenzi anaandaa fomu nyingine, ndefu zaidi, yenye maelezo. Aje nayo. Mimi taratibu, lakini nikianza neno nalimaliza.

Binamu yako,
Mkataji